Mtoto "Amefikia Matarajio". Ya Nani?

Jioni ile matokeo ya KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, yalipotoka, Desemba 2025, jirani yangu alibisha mlango akiwa na simu mkononi. Hata salamu hakutoa. "Mwalimu, hebu nisomee hii. Nimeisoma mara tatu, naona herufi tu."

Kwenye kioo kulikuwa na masomo tisa, na mbele ya kila somo herufi mbili na tarakimu: ME1, ME2, AE1, ME2, kisha EE2 pale penye Sanaa na Michezo. "Sasa huyu kijana amepita ama ameanguka?"

Nikamwambia hajapita wala hajaanguka. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza bei ya sukari akajibiwa kwamba sukari ni tamu.

Simlaumu. Kuanzia 1985 hadi 2023 Kenya ilikuwa na lugha moja ya kumaliza shule ya msingi, nayo ilikuwa KCPE. Miaka yake ya mwisho alama zilihesabiwa juu ya 500, na hata bibi asiyejua kusoma alijua maana yake. Mwenye 400 alichinjiwa kuku. Mwenye 210 alitafutiwa shule ya kurudia darasa kimyakimya. Kisha lugha hiyo ikaondolewa, ikaletwa nyingine, na wengi wetu tumeendelea kuitafsiri hii mpya kwa kamusi ya ile ya zamani. Mkanganyiko mwingi umeanzia hapo. Si wote, lakini, na serikali nayo ina fungu lake.

Maneno kwanza

Mtaala wa umilisi, ambao wengi tunauita CBC, uliingia madarasani kote nchini mwaka 2019 baada ya majaribio yaliyoanza 2017. Mpangilio wake ni 2-6-3-3-3: miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, mitatu ya sekondari ya juu, na angalau mitatu ya chuo. Kwenye viungo vya mpangilio huo ndiko kulikobandikwa tathmini za kitaifa. KPSEA hufanywa mwisho wa Gredi ya 6, mtoto anapomaliza msingi. KJSEA hufanywa mwisho wa Gredi ya 9, anapomaliza sekondari msingi. Zote mbili huandaliwa na KNEC, baraza la mitihani lilelile lililokuwa likiandaa KCPE.

Mbona ziitwe tathmini na si mtihani? Hapa si suala la Kiswahili kitamu tu. Kila mzazi aliyewahi kubeba mtoto mgongoni kwenda kliniki anaijua tathmini bila kufundishwa. Nesi anamning'iniza mtoto kwenye mizani, anasoma kilo, anatia nukta kwenye kile kijitabu. Mwezi ujao nukta nyingine. Hakuna nesi anayetoka nje kuwatangazia akina mama kwenye benchi kwamba mtoto wa fulani ameshika nafasi ya kwanza. Anachotafuta ni kama mstari unapanda. Ukilala, anauliza mtoto anakula nini.

KPSEA ilibuniwa iwe nukta kwenye kijitabu hicho. Haikuundwa kumzuia mtoto kuingia Gredi ya 7, na haijawahi kumzuia.

Tofauti ya pili ndiyo ngumu zaidi. Watu kumi wakienda kupimwa udereva, wote kumi wanaweza kupewa leseni, au wote wakarudishwa nyumbani. Kila mmoja anapimwa kwa barabara, si kwa mwenzake. Marathoni ni habari nyingine: hata wakimbiaji wote wawe na kasi ya Kipchoge, atakayekata utepe ni mmoja. KCPE ilikuwa marathoni. Maneno mapya, kuzidi matarajio (EE), kufikia matarajio (ME), kukaribia matarajio (AE) na kuwa chini ya matarajio (BE), ni maneno ya leseni. Matarajio yenyewe si ya mama wala ya mwalimu mkuu, bali ni yale yaliyoandikwa kwenye mtaala kwamba mtoto wa gredi hii anapaswa kuweza kuyafanya.

Kwenye karatasi, hilo ni wazo zuri. Sasa tuone lilivyozaliwa.

Kundi la kwanza

Watoto waliotangulia kufanya KPSEA wana historia ambayo haisemwi vya kutosha. Waliingia Gredi ya 4 Januari 2020. Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Oktoba wakarudishwa, wao pamoja na Darasa la 8 na Kidato cha 4 tu, huku ndugu zao wa madarasa mengine wakibaki nyumbani hadi Januari 2021. Gredi ya 5 wakaianza Julai 2021, Gredi ya 6 Aprili 2022, na tarehe 28 Novemba mwaka huohuo wakaketi KPSEA. Hesabu mwenyewe: Gredi ya 6 nzima ilikuwa miezi saba, likizo ndani yake.

Walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Na siku zilezile, kwenye shule zilezile, Darasa la 8 nao walikuwa wakiketi KCPE. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekuwa ameambiwa "huu si mtihani, ni tathmini" aliamka asubuhi akakuta geti limefungwa, askari mwenye bunduki amesimama chini ya mti, na karatasi zinashushwa kwenye gari kutoka kwenye kontena lenye kufuli. Wiki iliyotangulia alikuwa ameombewa na mchungaji na kupewa kadi ya heri. Mtoto huamini macho yake kabla ya kuamini waraka wa wizara.

Ndani ya karatasi kulikuwa na jambo lingine. Mtaala unaohubiri kutenda, kuimba, kupanda mboga na kutengeneza vitu ulikuja kupimwa kwa maswali ya kuchagua A, B, C au D. Masomo yalikuwa yameunganishwa yakawa karatasi tano: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili au Lugha Ishara, Sayansi Unganishi, halafu Sanaa na Masomo ya Kijamii zikavishwa gauni moja. Mtoto aliyejifunza kupuliza filimbi mwaka mzima anaulizwa lipi kati ya haya ni jina la sehemu ya filimbi. Walimu walicheka, kisha wakanuna.

Jibu la wenye mtaala lilikuwa kwamba kutenda kumepimwa kwingine, kwenye tathmini za shuleni. Na hapa ndipo penye kiini ambacho wazazi wengi hawakukielewa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Alama zisizoonekana

Alama ya mwisho ya Gredi ya 6 haikutoka kwenye karatasi za Novemba peke yake. Hizo zilikuwa asilimia 40. Asilimia 60 zilitokana na tathmini zilizofanywa shuleni, 20 kwa kila mwaka, Gredi ya 4, ya 5 na ya 6. Utaratibu ni huu: KNEC huweka kazi za kutathmini kwenye tovuti, shule huzipakua na kuzichapisha, mwalimu huwafanyisha watoto, husahihisha, kisha hupakia alama kwenye tovuti ileile, mtoto mmojammoja, somo kwa somo.

Ukiwa mjini na printa na umeme, hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Nilikwenda kumtembelea mwalimu mwenzangu mmoja katika shule ya mashambani msimu wa kupakia alama. Nilimkuta kwenye kilima nyuma ya choo cha walimu, kwa kuwa hapo ndipo simu hushika mtandao. Daftari la alama amelibana kwapani, kalamu mdomoni, anasubiri kale kaduara kwenye kioo kaache kuzunguka. Alikuwa na watoto 74. Bando alinunua kwa pesa zake. Karatasi za maswali, shule ilikuwa imechapisha nakala moja na maswali mengine akayaandika ubaoni, picha ya mmea akaichora mwenyewe kwa chaki. "Hapa majani ni matano," akaniambia, "lakini mimi nilichora sita, nikalazimika kuwapa wote alama."

Si shule zote ziko hivyo, lakini ziko za kutosha, na swali linakuja lenyewe: asilimia 60 iliyopatikana kilimani na asilimia 60 iliyopatikana kwenye maabara ya kompyuta ni kitu kimoja?

Halafu kuna swali ambalo walimu wenyewe hawapendi liulizwe. Anayefundisha ndiye anayesahihisha, na shule yake ndiyo itakayotazamwa. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Sisemi walimu ni wadanganyifu. Nasema mizani iliyo mikononi mwa mwenye gunia lazima ikaguliwe na mtu mwingine, la sivyo hata mkweli hataaminiwa. Wizara haikulieleza hilo vya kutosha mwanzoni, na wazazi wakajaza pengo kwa uvumi.

Madarasa upande mmoja, watoto upande mwingine

Tatizo kubwa la 2022 halikuwa hata kwenye karatasi. Nchi ilifanyisha watoto tathmini ya kuhitimu msingi kabla haijaamua kwa uhakika wanahitimu kwenda wapi.

Serikali iliyotangulia ilikuwa imepanga Gredi ya 7 ikae shule za sekondari. Marehemu Profesa George Magoha, akiwa waziri, alizunguka nchi nzima akikagua madarasa mapya ya CBC, 10,000 yaliyokusudiwa, yakijengwa kwenye viwanja vya sekondari. Serikali ikabadilika Septemba 2022. Jopo la kurekebisha elimu likaundwa chini ya Profesa Raphael Munavu, na mwanzoni mwa Desemba, siku chache tu baada ya watoto kuweka kalamu chini, uamuzi ukatangazwa: sekondari msingi itakaa ndani ya shule za msingi. Madarasa yako ng'ambo ile, watoto wako ng'ambo hii. Wazazi waliokuwa wameanza kuulizia masanduku na magodoro wakaambiwa mtoto atarudi getini palepale alipotoka, abadilishe sare tu.

Kwa mwenye mtoto wa miaka kumi na miwili, ukiniuliza mimi, uamuzi huo ulikuwa na busara. Namna ulivyokuja ndiyo iliyokuwa mbaya. Januari 2023 Gredi ya 7 ilianza katika shule nyingi ikiwa na mwalimu mmoja au wawili wa masomo yote, na vitabu vikiwa njiani. Kundi lilelile la korona.

Na KPSEA? Kwa kuwa kila mtoto alikuwa akivuka, na wengi wanabaki shule ileile, matokeo yake hayakuwa na kazi ambayo mzazi angeiona. Hakukuwa na orodha ya mia bora wala picha za watoto wamebebwa mabegani. Watu wakasema haina maana. Ukweli ni kwamba ilikuwa imewekwa akiba.

Akiba inapofunguliwa

Gredi ya 9 hiyo akiba ilichomolewa. Nafasi ya mtoto kwenda sekondari ya juu huhesabiwa hivi: KPSEA aliyoifanya Gredi ya 6 inachangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zinachangia 20, na KJSEA yenyewe 60.

Chukua mtoto wa mfano. KPSEA alipata 70, shuleni 80, KJSEA 60. Asilimia 20 ya 70 ni 14. Asilimia 20 ya 80 ni 16. Asilimia 60 ya 60 ni 36. Jumlisha: 66. Hakuna uchawi, ni hesabu ya duka. Ila angalia vizuri kilichotokea: uzito umegeuka. Gredi ya 6 kazi ya shuleni ilikuwa 60 na karatasi ya mwisho 40. Gredi ya 9 kazi ya shuleni imeshuka hadi 20, na karatasi ya mwisho imepanda hadi 60. Anayesema "mtihani wa siku moja umekufa" hajaziangalia tarakimu hizi.

Herufi nazo zina hesabu yake. Viwango vinne vimegawanywa mara mbili, vikawa vinane. EE1, cha juu kabisa, ni kuanzia 90 na kina pointi 8. EE2 ni 75 hadi 89, pointi 7. ME1 ni 58 hadi 74, pointi 6. ME2 ni 41 hadi 57, pointi 5. Kisha zinashuka AE1, AE2, BE1, mpaka BE2 yenye pointi 1. Masomo tisa mara pointi nane, upeo wake ni 72.

Kwa hiyo mtoto wa 58 na wa 74 wote wameandikiwa ME1, na wa 57 aliyepungukiwa na alama moja ameangukia ME2. Kila kipimo cha ngazi kina ukali huo pale penye kingo, hata viatu: mwenye mguu wa saba kasorobo hununua saba. Wazazi wanaolia kwamba mtoto ameonewa kwa alama moja wana haki ya kusikitika, lakini KCPE nayo ilimwacha nje mwenye 399.

Tusiikumbuke KCPE kwa macho ya mapenzi, kwa njia. Ile ya mwisho, ya 2023, matokeo yaliyotumwa kwa simu yalizua malalamiko mazito. Kuna watoto waliokuta wameandikiwa Lugha Ishara badala ya Kiswahili.

Yanayosemwa kwenye matatu

"ME ni C." Hapana. C ilikuwa ikikueleza umesimama wapi kwenye foleni. ME inasema mtoto amefanya kile ambacho mtaala ulitaka afanye. Darasa zima linaweza kuwa ME bila mtu kuiba.

"Mkondo wa STEM ni wa werevu, sanaa ni ya waliobaki." Hili linaniudhi kuliko yote, kwa kuwa nalisikia hata chumba cha walimu. Sekondari ya juu ina mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mtoto mmoja anaweza kufaa zaidi ya mkondo mmoja. Atakayekwenda sanaa hajakimbia Hisabati pia, maana baada ya kelele nyingi wizara ilitangaza mwaka 2025 kwamba Hisabati itasomwa na wote: ile nzito kwa wa STEM, na nyepesi kiasi kwa wengine.

"Hakuna ushindani tena." Hapa wenye matatu wamekosea kwa maneno lakini wamenusa harufu ya kweli. Matokeo hayana nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Shule zinazo. Sekondari za juu zimepangwa makundi manne, C1 hadi C4: C1 zikiwa zile tulizokuwa tukiziita za kitaifa, na C4 nyingi zikiwa za kutwa za mitaani. Kabla ya karatasi ya kwanza ya KJSEA watoto walichagua shule 12. Nafasi za C1 hazikuongezeka kwa sababu jina la mtihani limebadilika. Watoto wa Gredi ya 9 waliokuwa zaidi ya milioni 1.1 waliangalia magetini kulekule ambako watoto wa KCPE walikuwa wakiangalia.

Ndiyo sababu nikamwambia jirani yangu jambo ambalo halimo kwenye vipeperushi. Unaweza kuandika vipimo kwa lugha ya leseni kadiri upendavyo. Maadamu shule yenye maabara ni moja na shule zisizo nayo ni kumi, wanaokwenda kuchukua leseni wataanza kukimbia. Kijitabu cha kliniki kitageuka kuwa tiketi. Ilitokea pale mfumo wa kupangia shule ulipotoa majibu: malalamiko ya wazazi yalikuwa kuhusu shule, si kuhusu umilisi. Mtoto kapelekwa kaunti ya mbali. Mtoto wa kutwa kapewa ya bweni yenye karo isiyolipika. Mwenye mkondo huu kapewa shule ya mkondo ule. Dirisha la kuomba mabadiliko likafunguliwa, na foleni ikahamia huko.

Shule zenyewe zina mtihani wao. Kwa kuwa KCPE ilikwisha 2023, hakukuwa na Kidato cha 1 mwaka 2025, na mwaka 2026 hakuna Kidato cha 2. Gredi ya 10 wanasoma uwanja mmoja na Vidato vya 3 na 4 wa 8-4-4, mfumo wa zamani, na mwalimu anatoka kipindi cha mtaala huu anaingia cha mtaala ule, mpaka KCSE, mtihani wa kumaliza Kidato cha 4, ya mwisho ya kundi hilo mwaka 2027.

Jirani alirudi wiki iliyofuata, safari hii na kijana mwenyewe, mrefu kuliko mama yake, vidole vina rangi ya maji. Alikuwa amepangiwa shule ya bweni, STEM, saa sita kwa basi. STEM aliichagua mama. Tukakaa mezani na simu ileile. Nikamuuliza kijana angetaka nini. Akataja shule ya kutwa yenye mkondo wa sanaa, dakika ishirini kwa miguu kutoka hapa. Aliwahi kwenda huko tamasha, akaona wana chumba kizima cha uchoraji, na dirisha kubwa upande wa mashariki.

Mama alinyamaza kidogo, akizungushazungusha kikombe. Kisha akaniangalia mimi, si mtoto.

"Na hiyo, mwalimu, ni C ngapi?"